Tsehai, Binti wa Mfalme Aliyekuwa Nesi

Ndugu msomaji, hebu tufikiri pamoja. Vita vinapoanza, tunasikia habari za bunduki, ndege na mabomu. Tunasikia majina ya majenerali. Lakini askari akishapigwa risasi ya mguu, ni nani anayemfunga kidonda? Nani anamnywesha maji usiku? Nani anafua shuka zake zenye damu? Mara nyingi ni mwanamke. Katika somo hili utasoma maisha ya mwanamke mmoja wa Afrika ya Mashariki aliyejifunza kazi hiyo wakati wa vita. Jina lake ni Tsehai. Alizaliwa mwaka 1919, akafa mwaka 1942.

Kwao ni Ethiopia. Wazee wetu waliiita nchi hiyo Uhabeshi. Ukitoka hapa Lagangabilili ukashika njia ya Bariadi, ukapita Musoma, ukaingia Kenya na kuivuka yote kwenda kaskazini, utafika Ethiopia. Ni nchi ya milima mirefu na baridi. Watu wake wana lugha nyingi, na mojawapo ni Kiamhara. Katika Kiamhara, neno Tsehai maana yake ni jua. Wewe msomaji wa Usukumani hutashangaa mtoto wa kike kuitwa Jua. Sisi nasi tunao akina Limi, na limi ni jua hilo hilo.

Baba yake Tsehai aliitwa Tafari Makonnen. Mwaka 1930 alitawazwa kuwa mfalme mkuu wa Ethiopia, akaitwa Haile Selassie. Mama yake aliitwa Menen. Tsehai alikuwa mdogo kuliko dada zake wote. Alisomeshwa vizuri, akakijua Kiingereza. Katika siku hizo wasichana waliosoma walikuwa wachache sana nchini kwao, kama walivyokuwa wachache hapa kwetu.

Usidhani kwamba wanawake wa Ethiopia walianza kwenda vitani wakati wa Tsehai. Mwaka 1896 Waitalia walijaribu kuitawala nchi hiyo. Wakapigana na Waethiopia mahali panapoitwa Adwa, nao Waitalia wakashindwa. Siku ile malkia Taytu alikuwa kule kule vitani pamoja na mume wake, mfalme Menelik. Aliwakusanya wanawake, wakabeba maji kuwapelekea wapiganaji na majeruhi. Wewe unayekwenda kisimani kila siku unajua uzito wa mtungi. Sasa fikiri kuubeba mtungi huo huku risasi zinapita. Lakini wanawake wale hawakuwa wamefundishwa uuguzi. Walikuwa na maji, vitambaa na huruma. Katika vita vya zamani vitu hivyo vilisaidia sana. Vita vilivyokuja miaka 40 baadaye vilikuwa vya namna nyingine.

Sumu kutoka angani

Tarehe 3 Oktoba 1935, majeshi ya Italia yaliingia tena Ethiopia. Kiongozi wa Italia wakati huo alikuwa Mussolini. Safari hii Waitalia walikuja na ndege nyingi, magari ya vita na mizinga mikubwa. Waethiopia wengi walikuwa na bunduki za zamani. Wengine walikuwa na mikuki na panga tu.

Tsehai alikuwa na umri wa miaka 16 hivi. Mwaka ule ule mama yake alianzisha chama cha wanawake cha kusaidia katika vita, na Tsehai akafanya kazi katika chama hicho. Wanawake walikaa pamoja, wakakata na kukunja bendeji. Walishona nguo za askari. Walitengeneza pia vifuniko vya uso vya kuzuia gesi ya sumu. Malkia Menen alisema redioni na wanawake wa nchi nyingine, akiwaomba wasaidie amani. Tsehai akayarudia maneno ya mama yake kwa Kiingereza.

Pengine unauliza, gesi ya sumu ni kitu gani? Nitakueleza, maana bila kulijua jambo hili huwezi kuelewa kwa nini manesi walitakiwa sana. Ziko gesi za namna nyingi. Ile iliyotumika sana Ethiopia kwa kweli ilikuwa kama mafuta. Ndege za Italia zilianza kuimwaga mwezi wa Desemba 1935. Ilianguka juu ya majani, juu ya udongo na ndani ya maji. Mtu akiigusa hasikii maumivu mara moja. Baada ya saa chache ngozi inavimba na kutoa malengelenge makubwa, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Macho yanauma na kuziba. Akiivuta, inaunguza koo na mapafu. Askari wengi wa Ethiopia walitembea miguu mitupu, kwa hiyo nyayo zao ziliungua walipokanyaga majani. Ng'ombe nao walikufa. Wanakijiji waliokwenda mtoni kuteka maji waliungua mikono.

Mataifa ya dunia yalikuwa yamekatazana silaha hiyo tangu mwaka 1925. Italia yenyewe ilikuwa imekubali. Kisha ikaitumia.

Sasa fikiri kazi ya kumwuguza mtu aliyeungua hivyo. Si kufunga kidonda kimoja na kumaliza. Lazima nguo zake zenye sumu zivuliwe. Lazima aoshwe kwa maji mengi safi, na anayemwosha ajikinge asiungue naye. Malengelenge yakipasuka, wadudu wa maradhi huingia, kidonda kikaoza. Vitambaa lazima vichemshwe. Kazi hiyo inachukua wiki nyingi kwa mgonjwa mmoja tu. Ethiopia ilikuwa na madaktari wachache mno, na manesi waliofundishwa hawakutosha hata kidogo. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Ethiopia kilikuwa kimeanzishwa mwaka huo huo wa 1935. Madaktari na wasaidizi walikuja kutoka Sweden, Uingereza, Misri na nchi nyingine. Walifanya kazi katika mahema yenye alama ya msalaba mwekundu. Alama hiyo ni ya kuwaambia wapiganaji wasipige mahali hapo. Hata hivyo mahema hayo yalipigwa mabomu mara kadhaa. Tarehe 6 Desemba 1935 mji wa Dessie ulipigwa, na hospitali yake ikapigwa pia. Mwisho wa mwezi ule watu wa Sweden nao walipigwa mabomu kusini mwa nchi.

Hapa nisisitize jambo moja. Wako wanawake wengi walioteseka katika vita hivyo kuliko Tsehai, na majina yao hayamo vitabuni. Binti wa mfalme alikuwa na chakula na mahali pa kulala. Ni haki kulisema hilo. Mwingine anayekumbukwa ni mama mmoja aliyeitwa Shewareged Gedle. Waitalia walipokwisha kuuteka mji mkuu, mama huyu alikuwa akiwapelekea kwa siri wapiganaji wa porini risasi, dawa na bendeji. Alikamatwa, akateswa, akapelekwa gerezani huko Italia. Alirudi akiwa hai, akaendelea kupigania nchi yake. Maisha yake yanastahili somo la peke yake.

Ugenini

Mwezi wa Mei 1936 Ethiopia ilishindwa. Mfalme na jamaa yake waliondoka kwa gari moshi mpaka Djibouti, wakavuka bahari hadi Yerusalemu, kisha Uingereza. Tarehe 30 Juni 1936 mfalme alisimama mbele ya wajumbe wa mataifa huko Geneva, akaeleza jinsi watu wake walivyomwagiwa sumu. Walimsikiliza, lakini hawakumsaidia.

Jamaa ya mfalme ilipata nyumba katika mji wa Bath. Kuna baridi kali huko, na fedha zao hazikuwa nyingi. Msichana wa ukoo wa kifalme angeweza kukaa ndani ya nyumba hiyo na kuomboleza. Tsehai hakukaa. Mwaka ule ule wa 1936 aliingia katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, mjini London, kujifunza unesi.

Unajua kazi ya mwanafunzi wa unesi wa siku zile? Kuamka alfajiri. Kutandika vitanda. Kubeba na kuosha vyombo vya haja. Kufagia na kupangusa kwa dawa. Kuwalisha watoto waliokataa kula. Kupima homa na kuandika kila kipimo katika karatasi, bila kukosea, maana daktari atatoa dawa kwa kufuata maandishi hayo. Jioni miguu inauma, na bado kuna kitabu cha kusoma. Nyumbani kwao kazi kama hizo zilikuwa za watumishi. Hata hapa kwetu wako wazazi waliosema zamani kwamba binti yao hawezi kwenda kuosha vidonda vya watu asiowajua. Nadhani wengine wanasema hivyo hata sasa, kwa sauti ya chini.

Alisoma miaka 3. Mwezi wa Agosti 1939 alifaulu, akaandikishwa kuwa muuguzi wa watoto anayetambuliwa na serikali ya Uingereza. Lakini alitaka pia kuwauguza watu wazima. Basi akaingia hospitali nyingine kubwa ya London, iitwayo Guy's, aendelee kujifunza.

Siku chache tu baada ya kufaulu kwake, tarehe 3 Septemba 1939, Uingereza iliingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuanzia Septemba 1940 ndege za Ujerumani ziliipiga London kwa mabomu karibu kila usiku, muda wa miezi mingi. Nyumba ziliwaka moto. Hospitali ya Guy's nayo ilipigwa. Wagonjwa wengi walihamishiwa nje ya mji. Manesi walifanya kazi katika mwanga hafifu, madirisha yamefunikwa vitambaa vyeusi ili ndege zisione taa. Tsehai alikuwa ameikimbia nchi iliyopigwa mabomu, akajikuta tena chini ya ndege za vita. Safari hii alikuwa nesi.

Askari wa Keya

Sasa turudi Afrika, maana wazee wetu wanaingia katika habari hii.

Mwaka 1940 Italia nayo iliingia katika vita vile, upande wa Ujerumani. Kwa hiyo Waingereza wakaamua kuwatoa Waitalia Ethiopia. Askari walikusanywa kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland, Nigeria, Gold Coast na Afrika ya Kusini. Wale wa kwetu waliitwa askari wa Keya. Pengine babu wa mtu fulani katika darasa lako alikuwa mmoja wao. Uliza nyumbani, huenda bado mna nishani yake.

Askari hao walitoka Kenya, wakaingia Somalia, wakauteka Mogadishu mwezi wa Februari 1941. Kisha wakapanda milima. Tarehe 6 Aprili 1941 Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, uliangukia mikononi mwao. Waethiopia waliopigana porini kwa miaka 5 nao walikuwa wamewachosha sana Waitalia. Tarehe 5 Mei 1941 mfalme aliingia tena mjini kwake. Ilikuwa miaka 5 kamili, siku kwa siku, tangu Waitalia walipouteka.

Tsehai alirudi mwaka huo wa 1941, akiwa na miaka 21. Alirudi na ujuzi ambao nchi yake iliuhitaji sana. Mwezi wa Februari 1937 Waitalia walikuwa wamewaua watu wengi sana mjini Addis Ababa, na waliwatafuta hasa vijana waliosoma. Waliokuwa wametazamiwa kuwa madaktari, walimu na makarani hawakuwapo tena. Vita vilikuwa vimeacha majeruhi, yatima na maradhi.

Alikwenda kufanya kazi ya unesi katika hospitali ya Dessie. Unaukumbuka mji huo? Ni ule ule ambao hospitali yake ilipigwa mabomu mwaka 1935. Yule msichana aliyekunja bendeji sasa aliweza kufunga jeraha kama inavyotakiwa, kumwangalia mtoto mwenye homa, na kuwafundisha wengine. Nia yake ilikuwa kuona huduma za afya zinafika kwa watu wa nchi yake, hasa akina mama na watoto.

Mwezi wa Aprili 1942 aliolewa. Mume wake aliitwa Abiye Abebe, ofisa wa jeshi. Mume alikuwa mtawala wa jimbo la Welega, magharibi mwa nchi. Tsehai alifuatana naye mpaka mji wa Nekemte, ulio zaidi ya kilomita 300 kutoka Addis Ababa. Leo gari linakwenda kwa siku moja. Wakati ule, baada ya vita na wakati wa mvua, safari hiyo ilikuwa ngumu.

Tarehe 17 Agosti 1942 Tsehai alikufa huko Nekemte kwa matatizo ya mimba. Alikuwa na umri wa miaka 22. Ndoa yake ilikuwa haijatimiza miezi 4.

Ndugu msomaji, pumzika hapa kidogo. Huyu alikuwa nesi. Alikuwa binti wa mfalme na mke wa mtawala. Alikuwa amepita salama chini ya mabomu ya London. Mimba ndiyo iliyomwua. Nimelisoma somo hili na akina mama wa madarasa mawili, na mara zote mbili darasa lilinyamaza mahali hapa. Kisha mmoja akaanza kutaja mtu wa kwao, na mwingine akataja wake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kwa kuwa tumefika hapo, nitaeleza jambo moja kabla ya kuendelea. Mama mjamzito akitoka damu hata kidogo, asingoje. Vile vile akiumwa kichwa sana na kuona giza, akivimba uso na mikono, akishikwa na degedege, akipata homa kali, au kama mtoto ameacha kucheza tumboni. Apelekwe zahanati au hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama ni msimu wa kuvuna pamba. Fedha za safari ziwekwe mapema, na mwenye pikipiki aambiwe mapema. Wewe baba unayesoma haya, kazi hiyo ni yako.

Hospitali yenye jina lake

Habari za kifo cha Tsehai zilifika Uingereza. Huko alikuwako mwanamke mmoja aliyeitwa Sylvia Pankhurst. Alikuwa mtetezi wa haki za wanawake. Tangu mwaka 1936 alikuwa akitoa gazeti la kuitetea Ethiopia, wakati ambapo wakubwa wengi wa Ulaya walikuwa kimya. Mama huyu akaanza kuchangisha fedha ili hospitali ijengwe Addis Ababa kwa ukumbusho wa Tsehai. Watu waliokuwa wamechoka kwa vita walitoa walichoweza. Kazi ilichukua miaka mingi. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1951. Haikuwa ya kutibu tu, bali ya kufundisha pia. Wasichana wa Ethiopia waliingia humo kujifunza unesi katika nchi yao wenyewe, bila kulazimika kwenda London kama alivyofanya Tsehai.

Sylvia Pankhurst mwenyewe alihamia Ethiopia mwaka 1956. Alifia huko mwaka 1960, akazikwa Addis Ababa.

Kuna kitu kingine chenye jina la binti huyu. Mwaka 1935, kabla vita havijafika mji mkuu, ndege ndogo ilitengenezwa Ethiopia kwa msaada wa mhandisi mmoja Mjerumani. Ilikuwa ndege ya kwanza kutengenezwa nchini humo. Mfalme aliipa jina la binti yake. Waitalia walipoingia waliichukua, wakaipeleka kwao, ikakaa katika nyumba ya makumbusho miaka mingi. Waethiopia waliidai. Mwezi wa Januari 2024 Italia iliirudisha.

Na ile hospitali? Mfalme Haile Selassie alipinduliwa mwaka 1974, na mambo mengi yenye majina ya jamaa yake yakabadilishwa. Hospitali ya Tsehai ikawa hospitali ya majeshi. Tangu hapo, askari waliojeruhiwa wamekuwa wakiletwa katika hospitali iliyojengwa kwa jina lake, na manesi wanawaosha na kuwafunga vidonda.